Musitanteri anamjibu nani?

Soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi jijini Bujumbura, huamka mapema. Mama muuza ndagala hutandika gunia lake, akapanga mafungu, na mara nyingi hata fungu la kwanza halijanunuliwa mkusanya ushuru ameshasimama mbele yake na kitabu cha risiti. Faranga zinatoka, kikaratasi kinachanwa. Kina namba, kina mhuri. Mama anakikunja na kukifunga kwenye pindo la kitenge, maana akikipoteza na mkusanya mwingine akapita saa nne, atalipa tena. Jioni hukitupa pamoja na takataka za meza.

Laiti angekaa nacho siku mbili tatu akakitazama. Kikaratasi kile ni ncha ya kamba. Yeye ameshika ncha moja. Ya pili imefungwa ofisini kwa musitanteri, yaani mkuu wa komine. Mimi kazi yangu ni sheria za tawala za mitaa, na watu wakiniuliza kazi hiyo ndiyo nini huwaambia: natafuta nani ameruhusiwa kuivuta kamba ile, na ikivutwa, nani anayumba.

Viongozi wetu wanalipenda neno kuwajibika. Linakaa vizuri kwenye hotuba, tena halimgharimu msemaji, kwa kuwa anayewajibika ni yeye na anayeamua kama amewajibika ni yeye huyohuyo. Kuwajibisha ni habari nyingine. Sauti moja tu imebadilika, lakini hapo lazima apatikane mtu wa pili, mwenye haki ya kuuliza na mwenye nguvu ya kukuondoa usipojibu. Sheria ya komine, ukiivua maneno yake mazito, ni jitihada ya kumpata huyo mtu wa pili.

Twende Buyenzi tupande ngazi. Chini kabisa yupo nyumbakumi, ambaye anajua nani amehamia avenyu gani na nani amegombana na mkewe. Juu yake kuna karitiye, na hapa ndipo penye demokrasia iliyo karibu na ngozi: wakazi huchagua watu watano, kila mmoja akigombea kwa jina lake bila bendera ya chama, na aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye shefu wa karitiye. Uchaguzi wa aina hiyo ulifanyika mara ya kwanza 2005, na wa karibuni ulikuwa Agosti 2025. Juu ya karitiye kuna zoni, na zoni ya Buyenzi ina shefu wake. Huyu hapigiwi kura na wakazi. Anateuliwa. Kisha kuna komine yenyewe, yenye baraza la washauri (jirani wa Tanzania angewaita madiwani) na musitanteri wake. Jina hilo musitanteri, kwa njia, ni administrateur wa Kifaransa aliyepita kwenye midomo ya Kirundi akatoka amevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo ngazi ina kipago kisicho cha kura, na bahati mbaya ndicho mkazi wa Buyenzi anachokikanyaga kila siku. Mgogoro wa kibanda, karatasi ya ukaazi, mtaro ulioziba mbele ya gereji: huko kote anakwenda zoni.

Haikuwa hivyo siku zote. Mpaka 2015 Buyenzi ilikuwa komine kamili, mojawapo ya komine 13 za jiji la Bujumbura, yenye baraza lake na musitanteri wake. Kisha zile 13 zikaunganishwa zikawa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Buyenzi ikaingia Mukaza pamoja na Bwiza, Nyakabiga na Rohero. Piga hesabu. Sheria iliyokuwapo tangu 2005 iliweka washauri 15 kwa kila komine. Mitaa ile minne ilikuwa na washauri 60. Baada ya kuunganishwa ikabaki na 15 kwa wote, bila kuhesabu wanaoongezwa na tume ya uchaguzi ili kusawazisha makabila na jinsia. Jiji zima lilishuka kutoka 195 hadi 45. Halafu ikaja sheria ya Machi 2023, iliyopunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komine za nchi nzima kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa Juni 2025 ukafanyika kwa ramani hiyo mpya.

Hoja ya kuunganisha ina uzito wake, sitaibeza. Komine ndogo yenye soko moja na gari moja bovu haiwezi kuajiri mhasibu wa maana wala kukodi greda. Komine kubwa inaweza. Ila kila ulipounganisha komine umefuta kiti cha mtu aliyekuwa anakutana na wapiga kura wake msikitini Ijumaa, kwenye foleni ya mkate, na matangani. Huyo hakuhitaji mkutano ili aulizwe swali. Aliulizwa akiwa anavaa viatu. Leo mtaro wa Buyenzi unapanga foleni moja na lami ya Rohero, kwenye wizara na mahoteli, mbele ya baraza lilelile. Sina haja ya kukwambia nani hutangulia.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi ya Wabelgiji, Bujumbura ikiitwa Usumbura, na wakati huo wakuu wa mitaa ya Waafrika waliteuliwa na utawala. Katikati ya miaka ya 1990, mitaa mingi ya jiji ilipogawanyika kwa kabila, Buyenzi ilibaki na watu wake wa kila aina. Wenyeji wanajivunia hilo, na wana haki. Lakini mtaa unaojua kukaa pamoja si lazima ujue kudai hesabu. Mara nyingine ujirani wenyewe ndio unaozuia swali: utamuuliza vipi habari ya risiti mtu ambaye jana mlibeba jeneza pamoja?

Sasa tufike kwa musitanteri, maana ndiye mwenye kalamu ya bajeti. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliazimia kwamba komine ziongozwe na watu wanaotokana na kura, na katiba ya 2005 ikafuata njia hiyo: wakazi wanachagua baraza, baraza linamchagua musitanteri kutoka miongoni mwao. Hata ule uwiano maarufu umo, kwamba nchi nzima kabila moja lisishike zaidi ya asilimia 67 ya nafasi za usitanteri. Katiba hiyo ikaja pia na kifungu cha kumwondoa. Kwa kifungu hicho, musitanteri aliweza kuachishwa kwa sababu ya msingi, kama vile kushindwa kazi, rushwa, kosa kubwa au ubadhirifu, na aliyeweza kumwachisha ni Rais wa Jamhuri au baraza la komine.

Wanasheria wachanga wakisoma kifungu hicho hukimbilia orodha ya makosa. Mimi huwaambia warudi kwenye neno “au”, lile la pili, kati ya Rais na baraza. Hilo ndilo limebeba mzigo. Katika kifungu hicho musitanteri ana milango miwili ya kutolewa, na mtu mwenye akili huuangalia ule unaofunguka kirahisi. Baraza ili limwondoe linahitaji kuitishwa, kujadili, kuhesabu kura, na kuvumilia macho ya mtu ambaye kesho watamkuta ofisini iwapo kura hazikutosha. Mlango wa juu unahitaji sahihi moja. Ungekuwa wewe ndiye musitanteri, asubuhi ungefikiria kwanza kumridhisha nani?

Tena hao washauri wenyewe wameingiaje? Si kwa majina yao, kama wale watano wa karitiye. Wanachaguliwa kwa orodha ya chama, na orodha imefungwa: mpiga kura anachagua orodha nzima, hana ruhusa ya kumruka wa tatu akamchukua wa tisa. Nafasi yako katika orodha inatoka chamani. Kwa hiyo mshauri ana deni mahali, na deni hilo haliko avenyu ya sita. Na pale ambapo chama kimoja kimetawala uwanja (katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025, CNDD-FDD ilichukua viti vyote 100 vilivyogombewa), anayeuliza na anayejibu wanatoka nyumba moja. Sisemi mtu wa nyumba moja hawezi kumsema nduguye. Anaweza, ila atamsemea chumbani.

Kuna jambo dogo katika sheria ya komine ya 2005 ambalo kwangu ni kubwa kuliko hayo yote, na sijawahi kulisikia likijadiliwa kwenye redio. Baraza lina mwenyekiti wake. Lina makamu. Na katibu wa baraza ni nani? Ni musitanteri. Yule anayetakiwa kuhojiwa ndiye anayeandika alichohojiwa.

Waliopita katika uongozi wa msikiti, wa kikundi cha akiba au wa timu ya mpira wanajua maana yake. Mwenyekiti anapiga meza, wajumbe wanapaza sauti, kikao kinakwisha kila mtu akijiona ameshinda; baada ya miezi mitatu kinachobaki ni kile kilichoandikwa. “Baraza lilimtaka musitanteri aeleze upungufu wa ushuru wa soko” na “baraza lilijadili hali ya soko” zinaweza kuwa habari za kikao kimoja. Ya kwanza ni deni. Ya pili ni porojo yenye mhuri.

Rudi sasa kwenye kikaratasi cha mama wa ndagala. Namba iliyo juu yake haikuwekwa kwa urembo. Kila kitabu cha risiti kina namba za mfululizo, na aliyekabidhiwa kitabu anapaswa kukirudisha na vishina vyake, pesa zikilingana na vishina. Pesa zinakwenda kwa mhasibu wa komine, zinaingia kwenye akaunti ya komine, na hesabu inafika mezani kwa baraza. Tuseme kwa mfano soko lina meza 1,000 na kila moja inalipa faranga 200 kwa siku: hizo ni 200,000 kwa siku, na ukihesabu siku 26 za kazi, milioni tano na laki mbili kwa mwezi. Mshauri yeyote anaweza kuzunguka sokoni akahesabu meza kwa macho yake, akafanya kuzidisha kwa kalamu, kisha akalinganisha na ripoti. Haihitaji shahada. Ikiwa ripoti inasema milioni tatu, ama meza zaidi ya 400 ni za mizimu, ama kuna vitabu viwili.

Nimewahi kuwafundisha washauri wa komine hesabu hii. Kilichonishangaza ni kwamba waliijua kabla yangu, hasa wanawake waliowahi kufanya biashara. Walichokosa ni kitu cha kulinganishia: ripoti ilisomwa kwa sauti, kwa Kifaransa, mara moja, na haikugawiwa.

Ushuru wa soko, hata hivyo, si pesa kubwa tena. Tangu miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Pierre Nkurunziza serikali kuu ilianza kuipa kila komine faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya maendeleo, kupitia mfuko wa taifa wa uwekezaji wa komine, ule uitwao FONIC. Pesa hizo zinatakiwa kufuata mpango wa maendeleo wa komine, ambao kwa kanuni unaanzia kwenye kamati za vilima na karitiye. Ni hatua nzuri. Ina kasoro moja ya tabia ya binadamu: pesa niliyotoa mfukoni naifuatilia, ya kutoka juu naiona ni zawadi, na zawadi haihojiwi. Mama wa ndagala atagomba kwa faranga 200 alizotozwa mara mbili, na hatauliza lolote juu ya milioni 500. Wanaotakiwa kuuliza kwa niaba yake, ukitoa baraza, ni wakaguzi wa serikali na Mahakama ya Hesabu iliyoundwa 2004, lakini ripoti ya Mahakama hiyo huelekea bungeni, mbali na Ruvumera. Watanzania wamebahatika kupata msamiati: Mkaguzi Mkuu wao anazipa halmashauri hati safi, hati yenye shaka au hati chafu, na muuza mitumba wa Kariakoo anajua hati chafu ni aibu. Sisi hatuna neno la kumsutia musitanteri kuhusu vitabu vyake, na jambo lisilo na jina ni gumu kulilalamikia.

Wapo wanaosema dawa ni meno: yape mabaraza nguvu ya kuwafukuza wakubwa, kama Kenya. Tuitazame Kenya basi. Sheria yao ya serikali za kaunti ya 2012 inataka theluthi moja ya wajumbe wa bunge la kaunti kuunga mkono hoja ya kumwondoa gavana, na theluthi mbili kuipitisha. Kisha Seneti ndiyo inasikiliza kesi. Mashtaka yanatoka chumba kimoja, hukumu inatoka kingine, na hilo ni jambo la kuigwa. Lakini angalia walioangushwa. Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza kuondolewa, 2014. Mahakama ikamrudisha, akachaguliwa tena 2017, na 2021 magavana wenzake wakamfanya mwenyekiti wao. Mike Sonko wa Nairobi aliondolewa Desemba 2020. Kawira Mwangaza wa Meru alipigiwa kura na wajumbe wake mara tatu. Seneti ilimwokoa mara mbili, ikamwacha aanguke Agosti 2024. Yeye aliingia 2022 kama mgombea binafsi, hana chama ndani ya bunge la kaunti.

Sijui dhambi za hao watatu zikoje mbele ya Mungu. Ninachoona ni kwamba hoja ya theluthi mbili hupima kwanza idadi ya marafiki. Gavana mwenye chama chake ukumbini hulala usingizi hata hesabu zikiwa zimeoza. Asiye nacho huamshwa kila mwaka. Meno yapo, ila yanauma nyama laini. Kwa Burundi, kuongeza meno kwenye baraza la orodha iliyofungwa ni sawa na kumnolea kisu mtu aliyefungwa mikono.

Afadhali, kwa maoni yangu, tuanze chini, kwa kura ya jina. Uganda inatupa onyo hapo: viongozi wa vijiji wa LC1 walichaguliwa 2001, wakakaa mpaka 2018 ndipo uchaguzi ukaitishwa tena. Miaka 17! Aliyepewa mhuri akiwa kijana akaurudisha ana mvi. Sisi angalau uchaguzi wa vilima na karitiye umekuwa ukifanyika kila miaka mitano, na yule shefu wa karitiye aliyeshinda kwa jina lake ana kitu ambacho mshauri wa komine hana: hakuna aliyemuazima kiti. Ningekuwa na kalamu ya mbunge ningeandika mambo mawili tu. Shefu wa zoni awe mtu anayepigiwa kura na washauri wa karitiye za zoni hiyo, ili Buyenzi ipate tena mtu wake wa kumshika shati. Na katibu wa baraza awe mtu mwingine kabisa, asiyekuwa musitanteri.

Mila ya Kirundi ilikuwa na taasisi iliyolijua hili la kumjua anayeweza kukuondoa. Mshingantahe wa kale, mzee msuluhishi wa kilima, hakugombea. Alitazamwa kwa miaka, akajaribiwa, ndipo akasimikwa hadharani kwa sherehe yenye mitungi ya pombe (wazee wangu wa Buyenzi, wakialikwa, walikuwa wakitafuta soda). Akiharibu, waliomsimika walimvua. Hapakuwa na mlango wa pili. Sheria ya komine ya 2005 iliwatambua washingantahe. Marekebisho ya 2010 yakawaweka kando na kuwaachia wachaguliwa kazi ya usuluhishi. Ulikuwa mfumo wenye ubaya wake, wanawake na wengine wengi waliachwa nje, na siulilii. Ila aliyesimikwa alijua nani anaweza kumvua, na alimwona kila siku.

Jambo moja la manufaa kabla sijamaliza, kwa sababu nusu ya malalamiko yanayopelekwa zoni hayakustahili kwenda huko. Maji na umeme ni vya Regideso, shirika la serikali. Musitanteri hana bomba wala waya. Ukionewa na ofisi yoyote ya umma na huna pesa ya wakili, Burundi ina Ombudsman tangu 2010, wa kwanza akiwa Mohamed Rukara, na kumwandikia hakuna gharama. Lakini ushuru, soko, kibali cha kibanda, mtaro wa mtaa, hayo ni ya komine, na hapo ndipo swali lako lina haki ya kujibiwa kwa maandishi.

Nilihudhuria mkutano wa wazi wa baraza katika komine moja ambayo sitaitaja. Mwenyekiti alisoma mafanikio, watu wakapiga makofi panapostahili. Nyuma kabisa alisimama mzee mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni. Akasema, “Nyakubahwa musitanteri, naomba tusomewe mlichoandika mara iliyopita juu ya mtaro.” Musitanteri, akiwa ndiye katibu, akafungua daftari. Kurasa zilipinduliwa muda mrefu. Mwishowe akasoma: mtaro utachimbwa. Mzee akauliza tarehe. Haikuandikwa. Kiasi? Hakikuandikwa. Nani atasimamia? Kimya. “Basi mwandike sasa,” mzee akasema, “mimi nitasubiri.” Jirani yake akamvuta kanzu akae. Hakukaa mpaka alipoiona kalamu inatembea.